Mwenye Maji Aonje Kwanza

Mwaka 1994, vita ilipokwisha na mauaji yaliposimamishwa, tulipewa ofisi mjini Kigali ambayo haikuwa na kioo hata kimoja dirishani wala kiti chenye miguu yote. Kabati la mafaili, hata hivyo, lilikuwa limebaki, na ndani yake mlikuwa na mpango wa dharura wa serikali iliyokimbia. Niliusoma wote kwa Kifaransa changu cha kuokoteza, kwa sababu nina ugonjwa wa kusoma kila kitu kabla ya kukikataa. Ulikuwa mpango mzuri. Ulikuwa na sura ya mafuriko, sura ya njaa, sura ya volkano na sura ya wakimbizi kutoka nchi jirani, kila sura na muhuri wake. Haukuwa na sura inayosema nini kifanyike siku ambayo dharura ni serikali yenyewe.

Nililisema hilo kikaoni. Mwenyekiti wetu, ofisa wa jeshi ambaye sote tulimwita afande, aliinua macho.

"Umemaliza?"

"Bado, afande."

"Najua bado. Lakini kaa."

"Kiti hakina mguu, afande."

Watu walicheka, na yeye akacheka mwisho, kama mtu anayelipa ushuru.

Hiyo ndiyo ilikuwa kamati ya dharura. Afande alikulia Uganda na alifikiri kwa Kiingereza. Waliotoka Burundi walifikiri kwa Kifaransa. Mimi nilizaliwa Tanzania na wazazi wakimbizi, nikasoma huko hadi nikapata shahada ya kemia, kisha nikaja kwenye nchi niliyoijua kwa malalamiko ya bibi yangu tu. Kiswahili kilikuwa sinia tuliloliweka katikati, kila mmoja akimega kwa upande wake. Hata magari yetu hayakukubaliana: yaliyotoka Uganda yalikuwa na usukani kulia, yaliyotoka Burundi kushoto, na kila asubuhi mtu alishuka akiwa amekasirika kwa sababu mwenzake alimjia upande usio wake.

Kazi yangu ilikuwa maji. Umeme ulipokatika pampu zilinyamaza, na mji wa vilima ukageuka mji wa mabonde, maana kila mtu alilazimika kuteremka hadi maji yalikokuwa. Pabaya kuliko kote kwenye eneo letu palikuwa Gikondo, kwenye mteremko mmoja ulio juu ya magereji yaliyofungwa na maghala yaliyovunjwa milango. Watu wa pale walikuwa wa kila namna. Wengine waliokoka, wengine hawakuwahi kuondoka, wengine walifika juzi kutoka Bujumbura na magodoro kichwani. Hawakuaminiana. Wote waliteka maji kwenye chemchemi moja bondeni, na wote waliugua kuhara damu.

Katikati ya mteremko palikuwa na zahanati ndogo. Muuguzi aliyeiendesha alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Burundi, mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ambo ya uwanja. Alipofika alikuta mlango umeng'olewa. Akatundika kitenge pale mlango ulipokuwa, akaanza kupokea wagonjwa. Niliipima ile chemchemi yake. Maji yalikuwa maangavu kama machozi na yamejaa vijidudu, kwa kuwa vyoo vya mlima mzima vilikuwa juu yake. Nilimwambia. Akasema, "Nilijua kabla yako, dada. Wagonjwa wangu ndio kipimo changu. Sasa nipe maji mengine."

Maji mengine hayakuwepo, na mvua zilikuwa zimeanza. Kamati ikakaa, ikaamua: kama hadi mwisho wa mwezi wagonjwa hawatakuwa wamepungua, zahanati ifungwe, na watu wa mteremko ule wahamishiwe kwenye mahema upande wa Remera, ambako malori ya wafadhili yalileta maji safi. Ulikuwa uamuzi wenye akili, na sikuupenda. Muuguzi alikuja kikaoni bila kualikwa, aproni ikiwa bado mwilini.

"Nimezaliwa ukimbizini," alisema. "Nimesoma ukimbizini, nimeolewa ukimbizini. Nimefika kwetu juzi. Hema ya nani tena?"

"Mama, si adhabu," afande alisema.

"Bon. Kama si adhabu, wewe ulale kwenye hema, mimi nilale kwako."

Afande alikuna shavu. "Tupate maji kabla ya mwisho wa mwezi, basi. Tukiyapata, watakunywa, watapona, utabaki. Tusipoyapata, mtahama."

Hivyo ndivyo jambo lilivyowekwa mezani, na kila mtu pale Gikondo alilijua kabla ya jioni.

Tuliyapata. Sitasahau kazi ile. Mafundi waliunganisha pampu moja kutoka kwenye maiti za pampu kadhaa, jeshi likatoa jenereta, na mimi nikaingia ndani ya tangi la juu ya mlima na mabuti ya mpira na brashi ya kusugulia sakafu. Nilitaka kuona kwa macho yangu kila pembe ya sakafu ile, kwa sababu uvumi ulikuwa umeenea kwamba waliokimbia walitia sumu kwenye tangi. Sikukuta kitu zaidi ya tope na vyura. Tulilisugua, tukalisuuza, tukalijaza, na nikatia klorini ya kutosha kuua chochote kilichokuwa kinajificha kwenye mabomba. Maji yalipofika kwenye bomba la uani pa zahanati nilitia dawa yangu ya kupimia, na kichupa kikageuka waridi, rangi ile hasa niliyoitaka, ishara kwamba klorini imefika bombani. Nilikunywa hapo hapo. Nikakunywa tena kesho yake, na kesho kutwa. Nilijiona nimeshinda.

Siku ya uzinduzi tulikuja na kipaza sauti, meza, kitambaa cheupe na viti vya kuazima. Mtu mmoja wa itifaki, ambaye simlaumu kwa kuwa ndivyo mikutano yote aliyoiona maishani ilivyoandaliwa, alipanga mezani chupa za maji ya kununua, moja kwa kila mheshimiwa. Afande alihutubia. Alisema maji haya ni safi, yamepimwa na mtaalamu, na akanionyesha. Akafungua bomba. Likakohoa, likatema kutu, kisha maji yakaja kwa nguvu, meupe kwanza, halafu maangavu.

Watu walikuwa wamejaa na madumu yao. Wa kwanza mstarini alikuwa mama mmoja mpika pombe ya mtama, mrefu, aliyejulikana mlima mzima, ambaye hakuwa amepika tangu vita. Alikinga kiganja, akanusa.

"Iko na harufu," alisema.

"Ni dawa, mama," afande alisema. "Dawa ya kusafisha."

"Dawa." Alilitamka neno hilo kama mtu anayepima uzito wa kuku. Kisha akaitazama meza. "Na nyinyi, afande, munakunywa ipi?"

Chupa zilijibu. Nilitaka kusema kwamba mimi nimeyanywa tangu juzi, na ilikuwa kweli, lakini mbele yangu, juu ya kitambaa cheupe, palikuwa na chupa iliyokwisha kufunguliwa na jirani yangu.

Yule mama akakikung'uta kiganja chake. Akachukua dumu lake, akaanza kuteremka bondeni. Wakamfuata. Hawakupiga kelele wala kututukana. Uwanja ulimwagika taratibu hadi tukabaki sisi na kipaza sauti, na bomba likiendelea kumwaga, mpaka muuguzi alipokwenda kulifunga.

"Vizuri sana," alituambia. "Mumezindua."

Garini afande alikuwa na hasira. "Watu wagumu hawa. Maji yanafika mlangoni na wanakwenda kunywa mavi. Kesho naweka askari pale chemchemi. Hatakunywa mtu."

"Usiweke, afande."

"Kwa nini?"

"Nani hulazimisha mtu anywe kitu?"

Alifikiri. "Mama mzazi," alisema.

"Na mtia sumu. Wewe si mama yao."

Askari hakuwekwa. Nami kesho yake nikaenda nyumbani kwa mpika pombe, nikiwa na kichupa changu na rangi zangu, nimejiandaa kumthibitishia. Nilimkuta ameketi kizingitini, vyungu vyake vimefunikwa kifudifudi nyuma yake kama watu wanaosali.

"Mukobwa wa dawa," alisema, yaani binti wa dawa. "Karibu. Umekuja kunipima?"

Nilimweleza vijidudu. Nilimweleza klorini. Alisikiliza vizuri, kisha akauliza, "Mwaka huu, radio ikisema kitu, wewe unaamini?"

"Hapana."

"Na mutu wa serikali akisema?"

"Nikiona kwa macho."

"Ukimupenda?"

"Hata nikimpenda."

"Sasa mimi unanishangaa nini?"

Maisha yangu yote walimu, wazazi na mapadri walinilaumu kwa kutokubali neno la mtu mpaka nione. Sasa nilikuwa nimekutana na mlima mzima wa watu kama mimi, na nilikuwa nimekuja na kipaza sauti. Watu wale walikuwa wameambiwa mambo na radio, na wakuu, na majirani, na waliosadiki hawakuwepo kusimulia. Shaka ndiyo iliyowafikisha hai hadi mwezi ule. Na mimi nilitaka waiweke chini kwa sababu ya rangi ya waridi.

Aliingia ndani, akarudi na kikombe cha bati chenye pombe kidogo ya ndizi aliyoletewa na mtu kutoka kijijini. Akanywa yeye kwanza, akafuta ukingo kwa kidole gumba, akanipa. Nikanywa. Bibi yangu alifanya hivyo hivyo Tanzania miaka yote, kila mgeni alipokuja. Mwenye kinywaji huonja mbele ya mgeni, mgeni ajue hakuna kitu ndani. Nilikuwa nimeiona desturi hiyo kama uchafu wa kizee.

"Mbona hukupima?" aliuliza, akiniangalia juu ya kikombe.

Tulicheka wote wawili, mimi zaidi. Halafu nikamwambia lililonijia papo hapo: kama ni hivyo, basi mwenye maji ndiye aonje, na mwenye maji haya ni serikali. Afande atakuja kunywa mbele yenu.

"Atakunywa, atapanda gari, ataenda kutapika," alisema. "Hiyo ni sinema. Na kuna sumu ya kuua leo na kuna sumu ya polepole."

"Basi hatapanda gari mpaka jioni. Kamati yote itahamia hapa. Tutafanya kazi uani pa zahanati, tutapika chakula kwa maji ya bomba, tutakunywa hayo tu, kila siku, muwe mnatuhesabu asubuhi kama tumebaki hai."

Alinitazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayenunua. "Hiyo," alisema, "naweza kuja kuangalia."

Afande aliposikia alisema hapana. Alisema serikali haionji. Serikali hupima, huamua na hutangaza. Kama kila amri italambwa kwanza na mkubwa, nchi itatawaliwa kwa ulimi. Nilimwambia nchi hii ilitawaliwa kwa ulimi hadi ikafika hapa, na kinachotakiwa sasa ni koo. Wenzangu wakainamisha vichwa. Niliona nimevuka mpaka, nikanyamaza, jambo ambalo kwangu ni nadra.

Afande alikwenda dirishani pasipo kioo. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na wewe una hakika na lile tangi?"

Ndipo nilipoelewa. Naye hakuwa ameamini. Alikuwa ametangaza mbele ya mlima mzima kitu ambacho yeye mwenyewe hakukisadiki hata kidogo, kwa sababu mtaalamu alisema, na mtu wa itifaki alipompangia chupa alishukuru moyoni.

"Nimeingia ndani yake, afande. Nimesugua kila upande. Nakunywa maji yake tangu siku ya kwanza."

"Hilo nimeliona," alisema. "Nimekuwa nikikuangalia kama utaumwa."

Asubuhi iliyofuata tulipakia kamati kwenye pikapu, pamoja na viti vyake vyenye miguu pungufu, tukahamia Gikondo. Hatukuchukua kitambaa wala chupa. Watu walikaa juu ya kuta na kwenye ngazi za nyumba, na madumu matupu yakiwa miguuni. Muuguzi alileta kikombe kikubwa cha bati. Afande alivua kofia yake ya jeshi, akamkabidhi mtu, akafungua bomba, akajaza kikombe hadi juu, akanywa chote. Koo lake lilipanda na kushuka, na mlima mzima ulilihesabu. Kikombe kikateremka kwa cheo, mkubwa kwanza, ili isije kusemwa kwamba wadogo walijaribiwa kwa niaba ya wakubwa. Nikanywa, muuguzi akanywa, dereva akanywa huku akilaumu kwamba yeye hakuchaguliwa na mtu.

"Ngojeni kesho," mpika pombe aliwaambia watu wake. Wakateremka tena bondeni.

Kesho yake walikuja mapema kuliko sisi. Tulipokuwa tunashuka garini walitukagua mmoja mmoja.

"Ule wa miwani amekonda."

"Alikuwa hivyo hivyo."

"Na afande? Tembea kidogo, afande, tukuone."

Afande akatembea. Alikwenda hadi kwenye kitenge cha mlango wa zahanati na kurudi, mikono nyuma, na watu wakapiga makofi. Mwenzetu mmoja akapiga chafya, na safu nzima ya mbele ikarudi nyuma hatua moja. Tulicheka mpaka kikao kikachelewa.

Hivyo tukaendesha dharura ya eneo letu kutoka uani pale. Tuligawa mbegu, tulipanga nani atafukia mashimo ya barabara, tulibishana juu ya mahali pa kuchimba vyoo, na maharage yetu yalichemka pembeni kwa maji ya bomba. Watu waliokuja kuangalia kama tutakufa wakaanza kuchangia kikao. Waliuliza kwa nini vyoo visichimbwe upande mwingine, mbali na chemchemi. Niliposikia swali hilo likitoka juu ya ukuta, na si kinywani mwangu, nilitamani kumkumbatia aliyeuliza. Niliwapandisha wengine tangini. Mpika pombe aliwasha tochi, akachungulia kwa muda mrefu, akauliza vyura wamekwenda wapi. Nilimwambia niliwatoa kwa ndoo. "Basi walikuwa hai," alisema, na akaonekana kuridhika na ushahidi huo kuliko wangu wote.

Lakini bado hakuteka. Wengine walikwisha kuanza, wachache, wakijificha kidogo kama watu wanaokwenda kwa mganga. Yeye alisema atayajaribu kwa njia yake: atapika pombe. Pombe ya mtama ina uhai ndani yake, na maji mabaya huiua ikalala chunguni kama uji. Ikipanda povu, atakunywa, na mlima utakunywa.

Sikulala vizuri baada ya hapo. Sikuwa na shaka na maji. Nilikuwa na shaka na kemia yangu. Klorini haichagui. Inaua cha kuharisha na inaweza kuua cha kuchachua pombe. Muuguzi alininong'oneza nipunguze dawa siku chache tu, nani atajua. Nilikataa, kwa sababu ningekuwa ninawanywesha hatari ili wasiiogope. Badala yake nilimwomba mpika pombe ayaache maji wazi ndooni hadi harufu iondoke, na alipoyachemsha nilisimama karibu na moto wake mpaka macho yakaniwasha moshi. Nilijua kwa kitabu kwamba kinachobaki baada ya kuchemsha si kitu. Nilijua pia kwamba kitabu hakikuwahi kupika pombe Gikondo. Na mwisho wa mwezi ulikuwa unakuja, na lori la kubeba vitanda lilikwisha kuagizwa.

Chungu kilikaa kimefunikwa. Nilipopita kuuliza alinifukuza. "Pombe haitaki kutazamwa na mutu mwenye wasiwasi."

Siku ya tatu tulikuwa kikaoni, afande akizungumzia misumari, tulipoona watu wanapanda njia ya zahanati. Mbele yao wanaume wawili walibeba chungu kwenye machela ya miti, na mpika pombe alitembea kando yake akiwa amevaa kitambaa kizuri begani, kama mama wa bwana harusi. Povu lilikuwa limepanda, limevuka ukingo, linateremka kwenye shingo ya chungu hadi mikononi mwa wabebaji. Nililiona povu lile kabla ya kuuona uso wake. Nilikaa chini, na safari hii kiti kilinibeba.

Waliweka chungu katikati ya uwanja. Mtu akaleta mirija. Ndipo ugomvi ukaanza, ugomvi mtamu kuliko yote niliyowahi kusikiliza: nani aonje kwanza? Wengine walisema pombe ni ya mama, kwa hiyo mama. Wengine walisema maji ni ya serikali, kwa hiyo serikali. Mzee mmoja akasema mtama ulitolewa na shemeji yake, akaambiwa anyamaze. Afande, ambaye alisema serikali haionji, alichukua mrija, akampa mpika pombe mwingine, akapiga goti moja chini, na mama akainama upande wa pili. Wakanywa pamoja, vipaji vya nyuso vikikaribia kugongana.

Mama alipoinua kichwa alikuwa na povu mdomoni. Alikitazama chungu chake, kazi yake ya kwanza tangu vita. Hakusema neno kuhusu maji.

"Mutama ilikuwa kidogo," alisema. "Ingeweza kuwa na nguvu zaidi."

Mlima ulielewa. Madumu yakaanza kuteremka kutoka kila upande, ya manjano, ya bluu, mengine yamezibwa kwa magunzi ya mahindi, na mstari ukajipanga wenyewe kutoka bombani, ukazunguka zahanati, ukapanda njia hadi nisione mwisho wake. Waliochoka kusimama waliweka dumu liwashikie nafasi, wakaja kuomba mrija. Muuguzi alipita kando ya mstari akiamrisha watu wafunike madumu, wanawe mikono, wasirudishe vikombe ndani ya ndoo, na kwa mara ya kwanza alipaza sauti yake yote, maana hakuhitaji tena kuituliza kwa ajili ya wagonjwa wanaokufa.

Vitanda vilianza kuwa wazi. Kwanza kimoja dirishani, kisha safu ya ukutani. Kamati ilifuta uamuzi wa mahema, nami niliandika mstari huo kwa mkono wangu, ila hakuna aliyekumbuka kufuta lori. Serikali ilikuwa bado changa. Ilijua kuagiza, haijajua kughairi.

Kwa hiyo mwisho wa mwezi lori lilipanda mlima likiunguruma, likasimama mbele ya zahanati. Dereva, kijana mgeni kutoka upande wa Remera, alishuka akatazama mstari wa madumu, na vitanda vilivyoanikwa juani, na muuguzi aliyesimama mlangoni, pale ambapo sasa palikuwa na mlango wa mbao, bado haujapakwa rangi.

"Nimetumwa kubeba vitanda," alisema. "Na wagonjwa."

"Vitanda ni hivi, vinapigwa jua, havisafiri," muuguzi alisema. "Wagonjwa ni wale, wanateka maji. Kamata mmoja kama unaweza."

Kijana alijipangusa jasho. Njia ya kupanda pale ni kali. Mpika pombe, aliyekuwa bombani, alikinga kikombe cha bati, akamletea. Dereva alikipokea, akanusa, akasita. Akamtazama mama, akautazama mstari mzima uliomtazama.

"Samahani, mama," alisema kwa adabu. "Mwenye maji aonje kwanza."

Sikuwa nimewahi kuusikia mlima ukicheka namna ile, na sidhani kama kijana yule aliwahi kuelewa kwa nini. Mpika pombe alichukua kikombe, akanywa hadi nusu, akafuta ukingo kwa kidole gumba, akamrudishia.

"Yangu," alisema. "Kunywa, kijana."